Wanaume Wanaochambua Mchele

Siku yangu ya mwisho kiwandani, kijana aliyerithi meza yangu ya kunolea aliniuliza kama kuna jambo ambalo sikumfundisha. Nilimjibu kwamba liko moja, ila halihusu tupa wala msumeno, na haliwezi kuelezwa huku injini inanguruma. Sasa nina nafasi, nalieleza. Nawaandikia nyie mliobaki pale. Kuhusu vyeo sitasema kitu: nilipata viwili, na mara zote mbili kiti changu kilibaki kilekile chenye mguu uliopinda. Mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyohiyo mnayolipwa.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Mpanda, paa la bati lisilo na kuta, na chini yake injini moja ya dizeli iliyozungusha msumeno wa duara kwa mkanda mrefu. Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao nikiwa mdogo. Shule niliishia darasa la saba. Mengi ninayoyajua kuhusu chuma niliyapata kwenye kitabu cha maelekezo kilichokuja na msumeno, cha Kiingereza, nikakisoma kwa kamusi neno baada ya neno. Ukurasa wa kwanza ulinichukua wiki nzima. Ulikuwa wa kumshukuru mteja kwa kununua.

Yale ambayo hayakuwa kitabuni nilifundishwa na Fundi Gaspari. Alikuwa Mfipa, mtu mfupi, mpole, umri wa baba yangu. Ndiye aliyesimama mbele ya msumeno na kusukuma magogo, na hakuna mtu pale kiwandani ambaye hakupitia mikononi mwake. Siku ya kwanza alinipa msumeno mbovu uliokuwa umetupwa nyuma ya stoo, akanipa na tupa.

"Noa huu," alisema. "Ukikosea, hakuna atakayekatika."

Niliunoa kwa miezi. Nilijifunza kupinda meno, moja kulia moja kushoto, kwa kiasi kilekile, na kujua kwa kupitisha ukucha kama jino limepata makali au limeng'aa tu. Kisha akaniweka upande wa pili wa meza, kuvuta mbao zinapotoka. Hapo alinifundisha kusikiliza. Msumeno unaokata vizuri una sauti moja ndefu. Sauti ikipanda ghafla, gogo limesimama. Ikishuka, jino limekutana na msumari au jiwe. "Macho yatazame mikono yako," alisema, "masikio ndiyo yanitazame mimi."

Mnajua kwamba mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Sikulijua hilo kabla ya kuanza kazi. Mara ya kwanza nilipoona wekundu unatiririka mezani nilipiga kelele mpaka injini ikazimwa, na watu walicheka wiki nzima. Lakini tangu mwaka wa pili utomvu huo haukuwa kichekesho tena kwangu. Kila utomvu ulipotoka nilitazama kwanza mikono ya Gaspari.

Sababu ni kwamba mikono hiyo ilikuwa inatetemeka. Asubuhi alishindwa kufunga kifungo cha shati. Alishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, na bado chai ilimwagika. Ikifika saa nne alikwenda nyuma ya rundo la mabanzi, vile vipande vya pembeni vya magogo, akarudi ananuka gongo, na mikono imetulia kabisa. Nililitazama jambo hilo kwa muda kabla ya kulielewa, na nilipolielewa usingizi ulipungua. Wenzangu walimwogopa Gaspari akishakunywa. Mimi nilimwogopa zaidi kabla hajanywa, kati ya saa moja na saa nne, wakati magogo ya kwanza yanapandishwa mezani.

Hakuna aliyemwambia kitu. Meneja alikuwa mtu wa kuja mara moja kwa wiki. Sisi wengine tungeanzia wapi? Mtu aliyekushika mkono kukufundisha tupa, humwendei kumwambia ananuka pombe. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi na kutazama vidole vyake, basi.

Kuna siku alijaribu kusema mwenyewe. Tulikuwa tunakula mchana, tumekaa juu ya magogo. Aliweka sahani chini akasema, "Nyie, hii pombe itaniua. Mnitafutie watu wa kunisaidia."

Kwa bahati mbaya wapakiaji wetu karibu wote walikuwa Wasukuma na Wanyamwezi, na sisi na Wafipa ni watani. Kwa wasiotoka huku nieleze: mtani anaweza kukutukana hadharani, kukunyang'anya kitu chako, hata kukucheka msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kwa watani, kifo ni mzaha wa kila siku, na Wafipa husingiziwa kwamba wanatuma radi. Basi mmoja akadakia palepale:

"Mfipa afe kwa pombe? Wewe utakufa kwa radi ya shangazi zako, tena mchana kweupe!"

"Akifa, kwa ule ufupi wake atatosha kwenye boksi la misumari," mwingine akasema.

Gaspari alicheka nao. Hakuna aliyefanya ubaya pale; hivyo ndivyo tulivyozungumza kila siku, na yeye alikuwa bingwa wa kujibu. Lakini siku hiyo hakujibu. Alichukua sahani yake akaenda kula mbali.

Mwaka uliofuata, Jumatano ya Majivu, alifika kazini na majivu kwenye paji la uso, akatangaza kwamba ameacha. Hatagusa tone mpaka Pasaka, na baada ya Pasaka ataona. Mke wake, Mama Oresta, alipita mchana kutuletea viazi kwa furaha. Nilifurahi na mimi. Alhamisi mikono ilitetemeka tangu asubuhi mpaka jioni, na alitokwa jasho wakati sisi tulikuwa tunasikia baridi ya mvua. Ijumaa aliniuliza ni nani aliyewaleta watoto kiwandani. Hapakuwa na watoto.

Ijumaa hiyohiyo nilikuwa upande wangu wa kuvuta. Sauti ya msumeno ilipanda. Niliinua kichwa: gogo la mninga limesimama katikati, meno yanazunguka mahali pamoja, moshi unatoka, na Gaspari amesimama wima ameachia mikono, anatazama bati la paa kama mtu anayesoma kitu pale. Nilipiga kelele mkanda uachiwe. Kabla haujaachiwa alianguka. Alianguka kwa nyuma. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko jambo lolote la kazi yangu: mwili wake uliyumba kwanza mbele, ukarudi, ukaenda nyuma.

Alikakamaa, povu likamtoka mdomoni. Mmoja alisema kifafa, mwingine akavua kiatu amnusishe. Mzee wa injini alisema pombe imekasirika kwa kuachwa. Tulicheka baadaye sana, lakini kwa hakika yeye ndiye aliyekaribia ukweli.

Tulimpeleka hospitali kwa lori la mbao. Daktari alimpokea, akamchoma sindano, akatugeukia mimi na Mama Oresta.

"Alikuwa anakunywa kila siku?"

"Kila siku, daktari," Mama Oresta alijibu.

"Ameacha lini?"

"Juzi Jumatano."

"Kwa mkupuo? Nani alimshauri?"

"Ni Kwaresima, daktari. Ameacha kwa ajili ya Kanisa."

Daktari alivua miwani akaifuta. "Kanisa halikukosea, mama. Ila angepita kwangu kwanza."

Alitueleza kwa utaratibu, nami nawapa kama nilivyopewa, kwa sababu huenda ikawafaa: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, mwili wake umeshajipanga kwa pombe. Akiikata ghafla anaweza kuanguka kifafa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Mtu wa namna hiyo aache akiwa mikononi mwa hospitali. Msimwambie mwenzenu aache kesho mkaona mmemsaidia.

Gaspari alilazwa. Siku ya kukaribia kutoka, daktari aliniita pembeni. "Dawa yangu inaishia kitandani," alisema. "Akitoka hapo nje anahitaji watu. Kashaulili kuna duka moja la nafaka. Jioni utakuta nyuma yake wanaume wanachambua mchele. Usiwaulize kitu. Kaa uchambue."

"Duka la nani?"

"Hawapendi nitaje jina. Utawaona."

Niliondoka nikiwa na mashaka zaidi kuliko nilivyokuja. Wale mnaoijua Kashaulili, pale mjini, mnajua maduka ya nafaka yalivyo mengi, na kila duka lina kina mama wenye nyungo barazani. Gaspari angeruhusiwa kutoka muda wowote, na njia ya kutoka hospitali kwenda kwake ilipita kwenye vilabu. Nilizunguka jioni baada ya kazi, nikiwa na vumbi la mbao kichwani, nikiuliza swali ambalo liliniaibisha kila nilipolitoa mdomoni.

"Mama, shikamoo. Kuna duka wanachambulia mchele wanaume?"

"Wanaume?" Mama mmoja aliweka ungo chini ili acheke vizuri. "Baba, ukiwapata, mmoja niletee nimuoe."

Wa pili alidhani nimetumwa na mtu kumdhihaki. Wa tatu aliniuzia kilo mbili. Nililipata nililolitafuta kwa njia rahisi kabisa ambayo ningetakiwa kuanza nayo: niliwauliza wapishi wa mahoteli ni mchele wa nani usio na mawe. Wote walitaja duka moja. Nilizunguka nyuma yake.

Chini ya kibanda cha bati walikaa wanaume saba au wanane kwenye jamvi, kila mmoja na ungo mapajani. Mmoja nilimjua, mwalimu mkuu mstaafu aliyewahi kunichapa. Mwingine alikuwa dereva wa lori la samaki kutoka Kapalamsenga. Hakuna aliyeinua macho. Mchele ulikuwa wa kutoka kijiji cha Mamba, mzuri, ila una mawe madogo meupe yanayofanana nao. Nilivua viatu, nikakaa, nikavuta ungo uliokuwa wazi, nikaanza kuchambua. Ndipo nikaona vidole. Karibu vyote vilikuwa vinatetemeka kama vya Gaspari.

Mwenye duka, Bwana Shabani, alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyeheshimika mjini, mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizochanwa. Na yeye alikuwa na ungo. Baada ya muda akasema bila kunitazama:

"Umekuja kwa ajili yako au ya mwenzako, kijana wangu?"

"Ya mwenzangu."

"Wote husema hivyo. Nipulizie." Nilimpulizia. "Kweli, ni ya mwenzako. Yuko wapi?"

"Hospitali."

"Vizuri. Hapo ndipo pa kuanzia."

Utaratibu wao nilikuja kuuelewa kidogo kidogo. Walikutana saa ya vilabu kujaa, ile saa ambayo miguu ya mlevi huanza kutembea yenyewe. Mchele uliipa mikono kazi. Mwenye ungo hutazama chini, na mtu anayetazama chini anaweza kusema jambo ambalo asingelisema akitazamwa usoni. Mpita njia aliyechungulia aliona vibarua. Kwa Bwana Shabani hilo halikuwa dogo. Mtu wa msikiti mwenye historia ya chupa angepoteza zaidi ya wateja. Mchele wake ulikuwa safi kuliko wote mjini na ukauzika haraka. Sikuwahi kumuuliza kama hilo nalo lilikuwa sehemu ya tiba.

Na walikuwa na sheria moja. Kila anayeingia hupewa mtani wa kumchunga.

"Ndugu yako atakuonea aibu," Bwana Shabani alinieleza. "Mkeo mtagombana. Rafiki ndiye uliyekuwa unakunywa naye. Mtani atakuambia unanuka, utacheka, na utakwenda kuoga. Huyu wako kabila gani?"

"Mfipa."

Alitazama jamvi zima. "Hapa sina Msukuma. Mnyamwezi nilikuwa naye, kahamia Tabora. Wewe ni nani?"

"Msukuma. Lakini mimi sinywi. Na ni mwanafunzi wake, mzee. Amenifundisha kazi."

"Kazini ni mwanafunzi wake. Hapa ni Msukuma."

Gaspari alipotoka hospitali, dhaifu, suruali imefungwa kwa kamba, nilimleta. Alikaa. Alipewa ungo. Vidole vilipiga ngoma kwenye ungo mpaka punje zikaruka. Bwana Shabani alinigeukia akasema, "Haya. Mtani wake ni wewe. Mkaribishe."

Walikuwa wananisubiri wote, na Gaspari alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale aliyonitazama siku ya tupa.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

Jamvi zima lilicheka. "Huyu ni Msukuma au ni mkwe?" mwalimu mstaafu aliuliza.

Nilijaribu tena. "We Mfipa," nilisema, "mikono yako inaruka hivyo, mawe yote niliyotoa mimi umeshayarudisha."

Nilidhani nimemvunja. Kisha Gaspari alisema polepole, "Kumbe anaongea. Miaka yote hii nilijua mnaongea na ng'ombe tu."

Hapo ndipo nilipopata ruhusa ya kumwambia yote ambayo sikuweza kumwambia. Aliporudi kazini alipangwa kupanga mbao kwanza, baadaye akarudi kwenye msumeno. Kila alipoelekea kwenye rundo la mabanzi nilimfuata.

"Unakwenda wapi, we mfupi?"

"Kukojoa."

"Nakuja. Mfipa haaminiki hata kwenye hilo."

Nilipekua mfuko wake mbele ya watu. Nilinyang'anya chupa yake ya chai, nikaionja na kuimaliza, ilikuwa na sukari ya kupita kiasi. Wapakiaji waliona utani wa kawaida na walishangilia. Usiku wangu haukuwa wa kushangilia. Kila Jumatatu nilifika mapema nikasimama njiani nimwone anavyotembea kabla hajafika kwenye meza. Kila utomvu mwekundu bado ulinipeleka kwenye mikono yake. Mikono ilitulia, lakini nilikuwa nimeona jinsi ilivyotulia zamani kwa sababu nyingine, kwa hiyo hata utulivu uliniogopesha.

Baada ya mavuno ikaja harusi ya Oresta, binti yake wa kwanza. Bwana harusi alitoka kwa Wafipa waliohamia Mamba kulima. Gaspari alileta habari hiyo kwenye jamvi kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kwenye harusi ya familia zile, baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi hukaa mbele ya chungu kimoja cha kimpumu, pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto, na kila mmoja huvuta kwa mrija wake, watu wote wakitazama. Kutokuvuta ni kusema huwataki hao watu, au unadhani wameweka kitu chunguni.

"Weka mrija mdomoni usivute," mwalimu mstaafu alishauri.

"Wewe umewahi kuweka mrija mdomoni usivute?" Bwana Shabani aliuliza. Mwalimu alirudi kwenye mawe yake.

"Sema ukweli," dereva alisema.

"Niwaambie binti mnayemwoa, baba yake alilazwa kwa pombe? Siku ya harusi yake?" Gaspari hakuinua macho. "Watamrudishia kila wakigombana, mpaka azeeke."

Tulichambua gunia zima siku hiyo na hatukupata jibu zuri. Mwishowe tulikubaliana atasema anatumia dawa za hospitali.

Siku ya harusi nilisimama karibu naye kama nilivyosimama kwenye msumeno. Chungu kililetwa, mvuke unatoka, mirija miwili imesimama ndani. Baba wa bwana harusi, Mzee Kalisto, mtu mkubwa mwenye sauti ya kanisani, alishika mrija wake akamwonyesha Gaspari wa pili.

"Mkwe, mimi niko kwenye dawa," Gaspari alisema.

"Dawa?" Mzee Kalisto aligeukia watu. "Mkwe wangu anatafuta dawa wakati amekaa mbele yake!"

Watu waliangua kicheko, vigelegele vikapigwa. Oresta alikuwa ameinamisha kichwa chini ya shela, lakini niliona amekaza vidole. Harufu ya chungu ilinifikia mimi niliyesimama. Gaspari aliutazama mrija. Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka gotini, taratibu, hautetemeki hata kidogo, ukaenda mbele.

Sikupanga nilichofanya. Niliruka kati yao, nikang'oa mirija yote miwili nikaitupa, nikakumbatia chungu nikakinyanyua. Kilikuwa cha moto, kiliniunguza kifuani.

"Nyie Wafipa!" nilipiga kelele. "Mnaoza binti bila kuwauliza Wasukuma? Pombe hii imekamatwa!"

Kisha Mzee Kalisto alipiga makofi kwa furaha ya kweli. "Mtani! Mtani amekuja! Nilikuwa nasema harusi gani hii haina mtani!" Watu wakasimama, ngoma ikalia, na hakuna aliyemkumbuka tena Gaspari wala dawa zake.

Nilidhani nimemaliza. Nilianza kuondoka na chungu.

"Unakwenda wapi?" Mzee Kalisto alinishika shati. "Mtani akikamata, anakula alichokamata mbele ya wenyewe. Anywe!"

"Anywe! Anywe!"

Nilitazama ndani ya chungu. Kilikuwa kikubwa. Nilimtazama Gaspari, na yeye alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona hofu yake ilikuwa juu ya mtu mwingine. Nikanywa. Sikuwahi kunywa pombe maishani mwangu kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Nakumbuka ladha ya ulezi uliochacha. Nakumbuka mtu akinifuta ndevu. Nakumbuka nikiwaeleza kina mama wa upande wa bwana harusi jinsi ya kupinda meno ya msumeno, na wao wakisikiliza kwa makini. Baada ya hapo sikumbuki.

Niliamka Jumapili kitandani kwangu. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao kusalimia. Viatu vyangu vilikuwa vimepangwa, na pembeni palikuwa na beseni safi. Jambo la kwanza lililonijia si kichwa kilichokuwa kinapasuka. Ni swali: jana, kuanzia pale chungu kilipoisha, nani alikuwa anamchunga Gaspari?

Nilitoka bila kunawa. Mama Oresta alikuwa uani anaosha masufuria ya harusi.

"Mama, Fundi yupo?"

Aliacha kuosha. "Si mliondoka wote? Masanja mwanangu, hakulala hapa."

Alikaa chini palepale kwenye maji ya masufuria. Nilikwenda vilabuni. Kwenye kilabu cha kwanza mwenye nacho alikuwa anafagia, hakumwona. Cha pili walikuwepo wawili waliolala kwenye benchi, nikageuza nyuso zao moja moja. Cha tatu mama mmoja alisema alimwona jana jioni akipita na baiskeli, amebeba kitu kama gunia juu yake, na alipoitwa hakugeuka. Nilirudi nyumbani mbio kuchukua baiskeli yangu niende mbali zaidi.

Baiskeli haikuwa imeegeshwa mahali pake. Ilikuwa nyuma, jikoni, na kando yake Gaspari alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, mkeka umekunjwa karibu na mlango, anakoroga uji.

Nilisimama nikihema. Nilimsogelea, na bila salamu wala utani nikainama mbele ya uso wake. Alielewa. Alinipulizia. Ulikuwa mdomo wa mtu aliyeamka asubuhi, basi.

"Ulikunywa baadaye?" niliuliza hata hivyo.

"Saa ngapi?" Alikuwa amekasirika kweli. "Umenitapikia mimi, umetapika kwenye baiskeli, umetaka kurudi ukawafundishe tupa. Ukilala chali unapaliwa, ukilala kifudifudi unalia. Masanja, nilikuwa na mlevi wa kumwangalia."

Akachota uji akanisogezea bakuli. Mkono wake ulikuwa umetulia. Wangu ndio uliotetemeka.

Jumatatu jioni kwa Bwana Shabani aliletwa Mnyamwezi, kijana wa kuchimba dhahabu, amefunga mikono kwapani ili isionekane. Bwana Shabani alipoinua kichwa kuuliza mtani wake nani, Gaspari alikuwa ameshasogea kwenye jamvi na kupiga kofi nafasi iliyobaki wazi.

"Kaa hapa, we Mnyamwezi," alisema. "Na uitoe hiyo mikono kwapani, mchele haujichambui."